Kabla ya Hina, Tuulize na Kinywa



Tunapomwandaa bibi harusi huku kwetu, iwe Mafia, Nyamisati au ndani kabisa ya delta ya Rufiji, kila kiungo kina siku yake. Singo ya mwili, hina ya mikono, udi wa nguo na nywele. Kinywa tunakipa iliki na karafuu ya kutafuna, basi. Mimi naona kwa mwari mwenye skleroderma, kinywa ndicho kingetangulia.

Skleroderma ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ngozi ikawa ngumu na kuvuta. Hauambukizi. Wanawake wanaupata takriban mara 4 zaidi ya wanaume. Vidole hukakamaa, na kwenye baridi hubadilika rangi. Ngozi ya uso ikivuta, mdomo nao hubana. Mate hupungua, kiungulia hupandisha asidi inayokula meno, na kinywa kikikauka meno huoza haraka.

Mwanamke huyu asipocheka ukumbini, wanasema ana maringo. Akila polepole, eti hapendi chakula cha wakwe. Wengine humalizia kwamba amechezewa. Miezi inapotea kwa mganga, na mdomo unazidi kubana, mpaka siku akifika kwa daktari wa meno hapana pa kupitishia vifaa. Ndiyo maana nasema tuwahi, na mchumba naye aambiwe mapema.

Dini yetu imeshatuwekea njia. Mtume (s.a.w.) alihimiza sana mswaki, na kila udhu tunasukutua. Basi mgonjwa awekewe maji ya vuguvugu, hasa wakati wa kipupwe, vidole visipate baridi. Mswaki wa mti ulio mwembamba hupita kwenye mdomo mdogo, na Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza matumizi yake tangu 1986. Lakini asiache dawa ya meno yenye floraidi, mara 2 kwa siku. Mswaki wa dukani uwe wa mtoto, na mpini uviringishwe kitambaa ili vidole vigumu vishike vizuri.

Maji anywe mafundo madogo mara kwa mara. Chai ya sukari nyingi, kashata na halua apunguze. Tambuu na tumbaku aache kabisa. Kila siku afanye zoezi la kupanua mdomo na kuvuta pembe zake taratibu kwa vidole gumba. Akiwa anatumia nifedipini kwa ajili ya vidole, amwambie daktari wa meno, maana inaweza kuvimbisha fizi. Na Ramadhani, daktari akisema kufunga kunamdhuru, asione haya. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani.

Najua mtaniuliza, daktari mwenyewe yuko wapi? Kweli. Wa Mbwera au Msala anangoja maji yajae, apande boti, ndipo ashike barabara ya Kibiti. Mabingwa wako Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kibiti mjini. Nauli si ndogo, na kulala mjini kuna gharama zake.

Lakini shoga zangu, sisi hawa hawa tunachangishana sare ya hina, sare ya nikahi na sare ya kutoa nje. Sare moja tu tukiiacha, mwari anafika kwa daktari na kurudi, na pengine na mtu wa kumsindikiza. Hiyo nayo ni sadaka, tena ina faida kuliko kitambaa kitakachovaliwa siku moja.

Somo, mwari wako akiletwa, mwambie afunue kinywa asimamishe vidole vyake kati ya meno. Kwa kawaida huingia vitatu. Visipoingia, hina ingoje, kwanza apelekwe hospitali.