Saa ya kanda mbili: pambo, bidhaa au akiba?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kuwa hesabu kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba zake.

Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona liko mbali nao, nalo ni ununuzi wa saa za mkononi za fahari, hasa zile zenye kuonyesha wakati wa miji miwili au zaidi kwa pamoja. Liko mbali na wengi, ndiyo, lakini haliko mbali na wote. Wafanyabiashara wetu wendao Dubai na Guangzhou, mabaharia, marubani, na ndugu zetu walioko Muscat, London na Toronto wanazijua saa hizi. Wapo miongoni mwao wanaozinunua si kwa ajili ya kujua wakati, bali kwa kuwa wameambiwa kwamba hupanda bei kuliko kiwanja. Swali linalotufikia ni fupi: je, inafaa? Jibu haliwezi kuwa fupi, kwa sababu ndani ya swali hilo moja mna mambo ya dhahabu, ya uuzaji, ya Zaka, na mwisho, kama tutakavyoona, mna jambo la Hijja.

Tuanze na chombo chenyewe. Zamani kila mji ulikwenda kwa jua lake. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, wakakubaliana kwamba mstari upitao Greenwich, Uingereza, uwe ndio mwanzo wa hesabu, na kanda za saa zikaenea baadaye, nchi baada ya nchi. Mwaka 1931 fundi wa Geneva aitwaye Louis Cottier alibuni mtambo wa saa yenye pete ya majina ya miji na pete nyingine ya saa 24, hata mwenye kuitazama akajua kwa mara moja ni saa ngapi London, Cairo na Tokyo. Kampuni kubwa, Patek Philippe ikiwa mojawapo, zikauchukua ubunifu wake. Katikati ya miaka ya 1950 Rolex nao wakatoa GMT-Master kwa kushirikiana na shirika la ndege la Pan American. Hiyo ilikuwa na mshale wa nne uzungukao mara moja kwa siku, na pete ya nje nusu nyekundu nusu ya buluu, kupambanua mchana na usiku.

Ni ufundi wa kusifiwa, nasi Waislamu hatuna sababu ya kuudharau. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mwangalizi wa nyakati za Sala katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa yake ya jua mwaka 1371 kwa hesabu ambazo mafundi wa leo wanazistaajabia. Lakini tusidanganyane kuhusu haja. Saa ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ndiyo saa ya Makka, sote tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo hapana mshale wa pili unaohitajika ili kujua Haram kumekucha au la. Isitoshe, sisi tunaohesabu kuanzia macheo tumezoea tangu utotoni kuuona mshale kwenye saba tukasema saa moja. Saa ya bei rahisi ya Kariakoo, kwetu sisi, ina kanda mbili tayari.

Na saa ya miji ina upungufu wake. Ile yenye miji 24 haiwezi kuionyesha India, ambayo imo saa tano na nusu mbele ya Greenwich, wala Iran yenye saa tatu na nusu, sembuse Nepal yenye saa tano na dakika arobaini na tano. Serikali nazo hubadili nyakati. Moscow ilihamishwa mwaka 2011, ikarudishwa nyuma mwaka 2014. Samoa ilivuka mstari wa tarehe mwishoni mwa 2011. Pete iliyochongwa kabla ya hapo haina habari. Simu ya mfukoni hufanya kazi hiyo yote bila kukosea. Anayetoa maelfu ya dola kwa ajili ya saa hii basi hanunui wakati, ananunua uzuri, au cheo, au bidhaa, na kila kimoja kina hukumu yake.

Uzuri haukukatazwa. Sheria haikuweka kikomo cha bei ya vazi, na Imam Malik (Allah amrehemu) anajulikana kwa kuvaa nguo nzuri. Israfu hupimwa kwa hali ya mtoaji: ambayo kwa tajiri ni matumizi ya kawaida, kwa mwenye deni na watoto wasiolipiwa ada ni ubadhirifu. Kinachotisha zaidi ni lile vazi la kujionyesha ambalo Mtume (S.A.W) ametuonya nalo. Hilo mtu hulijua mwenyewe, kwa kuangalia ni mara ngapi hukunja mkono wa kanzu akiwa mbele za watu.

Dhahabu ni jambo ambalo wengi hawalijui vyema, nasi tutalikalia kidogo. Mwanamume wa Kiislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, na saa imo katika katazo hilo. Chuma cha pua hakina tatizo, na platinamu si dhahabu ingawa ni ghali. Mtego uko katika kile kiitwacho dhahabu nyeupe. Kwa Kiarabu cha sokoni jina hilo hutumiwa kwa platinamu, na pia hutumiwa kwa dhahabu halisi iliyochanganywa na madini mengine hata ikapoteza rangi yake. Hii ya pili, ikiwa ni ya karati 18, sehemu 750 katika kila 1,000 ni dhahabu, na weupe wake hauibadilishi hukumu. Mfano uko katika saa hizi hizi: mwaka 2014 Rolex walipoirudisha GMT yenye pete nyekundu na buluu, waliitoa kwa dhahabu nyeupe peke yake, na ile ya chuma haikuja mpaka 2018. Kwa macho ni kama pacha. Mwenye kununua ya miaka ile kutoka kwa mtu akidhani ni chuma, atakuwa anasali na dhahabu mkononi bila kujua. Na iliyopakwa dhahabu tu? Mashafii wameweka kipimo: ikiwa upako huo ukitiwa motoni hutoka dhahabu yenye kukusanyika, ni haramu, na ikiwa hakitoki kitu, si haramu.

Kuimiliki saa ya dhahabu kwa kuiuza ni jambo jingine, lakini hapo huingia hukumu ya riba. Dhahabu kwa fedha huuzwa mkono kwa mkono. Sahaba Fadhala bin Ubaid (R.A) alinunua siku ya Khaibar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12, alipokichambua akakuta dhahabu yake inazidi dinari hizo, na Mtume (S.A.W) akaelekeza kwamba kisiuzwe mpaka kichambuliwe. Kwa msingi huu wanazuoni wengi wa zama zetu wanakataza kununua saa ya dhahabu kwa malipo ya kidogo kidogo. Ibn Taymiyya aliona pambo lililofanyiwa ufundi ni kama bidhaa nyingine, nasi hatuidharau kauli yake, ila kwa mwenye uwezo wa kungoja hadi alipe yote, kutoka katika khitilafu ni bora.

Sasa tuje kwa wanaosema saa ni kitega uchumi. Hawakusema uongo kabisa. Saa ya miji ya Patek Philippe, namba 2523, yenye uso wa buluu, iliuzwa na Christie's mjini Hong Kong mwezi Novemba 2019 kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni 70, yaani karibu dola milioni 9 za Marekani. GMT ya chuma tuliyoitaja ilitoka mwaka 2018 kwa bei ya dukani ya dola 9,250 huko Marekani, na mwanzoni mwa 2022 ikauzwa mitaani kwa zaidi ya dola 20,000. Habari za namna hii husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni kwamba kuanzia katikati ya mwaka huo huo wa 2022 bei za saa zilianguka, zikaendelea kushuka 2023 na 2024, na walionunua kileleni wakabaki na hasara mikononi. Zile namba zinazovunja rekodi ni za vipande vichache mno vya miaka ya 1950. Saa mpya ya kiwandani ni moja katika maelfu mengi. Tena saa haizai. Nyumba hutoa kodi na ng'ombe hutoa maziwa, lakini saa hudai fundi kila baada ya miaka michache, na nyumba ya mnada huongeza juu ya bei ada inayoweza kufikia robo yake.

Udanganyifu nao umekua pamoja na bei. Siku hizi haighushiwi saa nzima tu, bali huchukuliwa saa halali ikabadilishwa uso, mishale au pete ili ionekane adimu. Mwaka 2021 iliuzwa Geneva Omega moja ya zamani kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa ile iliungwaungwa kwa vipande vya hapa na pale. Ikiwa hayo yanatokea kwenye mnada mkubwa wa dunia, itakuwaje kwa anayekutana na muuzaji hotelini? Mtume (S.A.W) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye nafaka kwa kuificha. Uso wa saa uliopakwa upya ni ule ule unyevu, na muuzaji Mwislamu ni wajibu wake autaje hata kama mnunuzi hakuuliza. Kumpandishia mwenzako bei mnadani ilhali hutaki kununua ndiyo najshi iliyokatazwa. Na wale wanaouza saa ambayo bado wako kwenye foleni ya kuingojea dukani, wanauza wasichokimiliki.

Tumebakiwa na Zaka, na hapa ndipo tunapoona hatari kubwa zaidi, kwa sababu mtu huweza kukaa miaka kumi na deni la maskini kabatini. Saa ya chuma ya kuvaa haina Zaka, hata ikiwa ya bei gani. Iliyonunuliwa ili iuzwe kwa faida ni mali ya biashara. Hiyo ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikatimiza mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia mbili na nusu ya bei yake ya sokoni siku hiyo, si ya siku ya kununuliwa. Saa ya dola 20,000 inadaiwa dola 500 kila mwaka. Aliyeinunua kwa fedha zilizokwisha fikia kiwango haanzi mwaka mpya, huendelea na mwaka wa zile fedha.

Wakusanyaji wengi hujibu: "Mimi nakusanya tu, huenda nikauza." Katika madhehebu yetu ya Shafi linaloangaliwa ni nia wakati wa kununua. Aliyenunua ili avae, kisha baadaye likamjia wazo la kuuza, saa yake haigeuki biashara kwa wazo peke yake. Aliyenunua kwa biashara kisha akakusudia kuivaa na kubaki nayo, biashara imekatika kwa nia hiyo. Wamaliki wanamtofautisha mwenye duka auzaye kila siku na yule anayeficha mali akingoja bei ipande. Huyu wa pili kwao hutoa Zaka ya mwaka mmoja atakapouza. Ni kauli nyepesi kwa mkusanyaji, na tunaitaja kwa uaminifu. Ila tumeona watu ambao ni Mashafii katika kila jambo wakawa Wamaliki siku ya Zaka peke yake.

Na Hijja. Katika Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwenye mali ya biashara humlazimu kuitoa mali hiyo kwa ajili ya Hijja, iwapo itatosha safari yake pamoja na matumizi ya wale anaowalisha mpaka arejee, baada ya kulipa madeni. Hakuambiwa angoje bei ipande. Basi ndugu yetu mwenye afya, asiye na deni, ambaye hajahiji, na anayo kabatini saa moja au mbili alizonunua ziwe akiba, asiseme hana uwezo kwa sababu hana fedha taslimu. Wala saa ile haihitaji kuuzwa kwa bei ya juu ya mwaka 2022. Inatosha ifikie gharama. Akituuliza aanzie wapi, tunamwambia aipeleke kwa wanunuzi wawili watatu wanaojua kazi yao apate bei ya leo, kisha aulize ofisi za safari za Hijja gharama ya mwaka huu na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha.