Usikimbilie boksi la rezista, anza na poti

Wasee, hebu tuongee ukweli. Mtu akianza tu mambo ya elektroniki, wiki ya pili tayari anataka vifaa vya maabara. Juzi beshte yangu aliniambia amekuwa akitembea kwa miguu kutoka shule ndio aweke fare, ati anunue boksi la rezista. Ni lile boksi lenye swichi nyingi, unachagua ukinzani wowote kuanzia ohm 1 hadi karibu ohm milioni 10. Ni tamu kuangalia, sikatai. Lakini nilimwambia asinunue, na tukakosana kidogo. Sasa acha nijitetee.

Swali la kwanza: huo ukinzani wa kubadilika ni wa kufanyia nini? Mara nyingi wewe unatafuta tu. Umeunda taa ya kujiwasha giza likiingia na hujui sensa ya mwanga iunganishwe na rezista gani. Hapo unahitaji kitu cha kuzungusha pole pole hadi taa iwake pale unapotaka. Kitu hicho ni potenshiometa, poti kwa kifupi (tulieni, si ile ya mtoto). Ndiyo hiyo hiyo ya kuongeza sauti kwa redio ya mathe. Pale Luthuli unaipata kwa doo isiyofika mia.

Itisha B10K. 10K ni ohm 10,000. Kwa poti nyingi za sokoni leo, herufi B inamaanisha ukinzani unapanda sawasawa: ukizungusha nusu, unapata karibu nusu. A ni ya mambo ya sauti, inapanda pole pole kisha inaruka. Ukiuziwa A bila kujua, utadhani saketi yako ina wazimu.

Sasa, poti ina ubaya wake na mimi ulinipata. Siku moja kabla ya maonyesho ya sayansi shuleni, niliunganisha LED nyekundu kwa betri ya volti 9 kupitia poti peke yake. Nikazungusha hadi mwisho, yaani ohm sifuri. LED iliwaka vizuri sana, mara moja tu, ikafa. Ilikuwa ya mwisho kwa klabu nzima. Hakuna aliyenigombeza, mbogi iliniangalia tu kimya, na hiyo ni mbaya zaidi.

Dawa ni rahisi: weka rezista ya kawaida ya ohm 470 iandamane na poti. LED nyekundu inachukua volti 2 hivi, zinabaki 7. Gawanya 7 kwa 470, unapata karibu miliampea 15. Hata ukizungusha hadi mwisho, LED iko salama.

Na usiniambie boksi lingeniokoa. Boksi pia linashuka hadi sifuri. Tena mengi ya bei ya chini yana rezista za robo wati ndani. Weka volti 9 kwa ohm 100 uone: hiyo ni wati 0.81, zaidi ya mara tatu ya zile rezista zinavyoweza kubeba. Poti ikiungua unanusa, unatupa, unanunua nyingine. Rezista moja ikiungua ndani ya boksi, linaweza kuendelea kukudanganya mwezi mzima, swichi inasema 100 na ndani kuna kitu kingine. Hapo ndipo pesa ya fare inauma.

Kwa hivyo mimi nafanya hivi. Nazungusha poti hadi saketi ifanye ninachotaka. Nazima umeme, natoa poti bila kuigusa shingo, napima kwa multimita mguu wa katikati na ule wa pembeni niliotumia. Ikisoma 4.5k, nachukua rezista ya 4.7k, nachomelea, nimemaliza. Poti inangoja mradi unaofuata.

Boksi lina siku yake, nisiwe mnafiki. Ukiunda kipima joto cha sensa ya PT100, yenye ohm 100 kwa nyuzi 0 na karibu 138.5 kwa nyuzi 100, boksi zuri litakusaidia kujifanya ndilo sensa bila kuchemsha maji. Ukifika hapo, nunua, na ununue la maana.

Lakini kama bado unahesabu fare, anza na multimita, poti mbili na rundo la rezista. Beshte yangu bado amenuna. Jumamosi tunaenda Luthuli pamoja, na safari hii tutapanda mat.