Vifo vya Ghafla vya Vijana Vichunguzwe

Kijana akianguka uwanjani, au akiwa na mzigo begani katika soko la Kariakoo, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, maneno husemwa mengi msibani. Wako wasemao karogwa, wako wasemao kalishwa sumu, na wengine husema siku zake zimetimia. Hilo la mwisho hatulipingi. Lakini kuamini kadari hakumkatazi mtu kuuliza ni maradhi gani yaliyomwua nduguye, na leo tunapenda kulizungumza moja kati ya hayo.

Moyo haulishi viungo vingine tu. Wenyewe nao hulishwa damu na mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka penye mwanzo wa mshipa mkuu uitwao aota. Wako watu ambao mishipa hiyo imekaa kombo tangu tumboni mwa mama. Kombo ya hatari zaidi ni ile ya mshipa wa kushoto kuchipukia upande wa kulia, kisha ukapenya kati ya aota na mshipa mkuu uendao mapafuni. Mtu huyo akitembea polepole haoni lolote. Akikimbia au akiinua gunia, damu inaweza kukosa njia, na moyo ukavuruga mapigo yake hata ukasimama.

Je, watu hao ni wangapi? Katika hospitali ya Cleveland, Marekani, zilichunguzwa picha za mioyo ya watu wazima 126,595 zilizopigwa kati ya mwaka 1960 na 1988, wakaonekana 1,686 wenye kasoro za namna hiyo, yaani 13 katika kila 1,000. Uchunguzi mwingine wa Houston uliotolewa mwaka 1999, uliohesabu hata tofauti ndogo ndogo, ulipata zaidi ya watu 5 katika kila 100. Msomaji asitishike, kwani nyingi za kasoro hizo hazina madhara. Huko Cleveland wanne kati ya watano walikuwa nazo pasipo kuumizwa nazo. Tena waliohesabiwa walikuwa wagonjwa waliokwisha fika kwa daktari wa moyo. Mchukuzi wa Kariakoo mwenye nguvu zake hana sababu ya kufika huko, na huyo ndiye tunayemhofia.

Ushahidi wa hofu hiyo upo. Yalipochunguzwa majeshi ya Marekani, yalionekana mafunzo ya askari wapya kati ya mwaka 1977 na 2001 yakiwa na vifo vya ghafla ambavyo 64 vilitokana na kasoro ya moyo iliyoonekana wazi. Theluthi moja, yaani 21, ilikuwa ni ile kombo ya mshipa wa kushoto. Hao walikuwa vijana waliopimwa na kukubaliwa jeshini. Naye Pete Maravich, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, alicheza kulipwa miaka kumi akiwa hana mshipa wa kushoto kabisa, hata alipoanguka akicheza na kufa tarehe 5 Januari, 1988, akiwa na umri wa miaka 40.

Nchi yetu haiko mikono mitupu. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, nayo imewapunguzia wananchi safari za India. Picha za mishipa ya moyo hupigwa hapo. Twaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila kombo inayoonekana inaandikwa katika daftari moja na kutangazwa kila mwaka, ili tusitegemee milele hesabu za Cleveland. Wenzetu wa Zanzibar waunganishwe katika daftari hilo, kwa kuwa mgonjwa wa Unguja au Pemba anayefikia kwa jamaa zake Magomeni ni mgonjwa wa daftari hilo hilo.

Kuzika mapema ni jambo jema na hatuna ubishi nalo. Hata hivyo daktari anayeandika cheti cha kifo cha kijana asitosheke na maneno "kafa ghafla". Awaulize jamaa: je, marehemu alipata kuzimia akikimbia? Alilalamika kifua kikimbana alipofanya kazi nzito? Maswali hayo hayagharimu hata senti.

Na wala yasingoje msiba. Kuzimia katikati ya mbio si pepo, wala si uvivu, ingawa wako walimu wa michezo wanaommwagia kijana maji na kumrudisha mchezoni. Kijana huyo asimamishwe mazoezi siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali iliyo karibu naye, na daktari amwandikie rufaa ya kupimwa moyo hata kama mapigo yake yameonekana sawa akiwa amelala kitandani.