Usivalishe Boneti Plastiki Huku Mtu wa Boda Hana Kioo cha Helmeti

Wacha niseme mapema ndio wale wa kukasirika wakasirike mapema: ile plastiki ya kubandika gari isichubuliwe na mawe, ile inaitwa PPF, wengi wenu hamuihitaji. Na hata ukiwa unaishi hapa kwetu Sultan Hamud, kando ya Mombasa Road kabisa, mahali lori hazilali, bado nakwambia huihitaji. Najua inasikika kama wazimu, kwa sababu huku ndiko mawe yalipo. Skiza kwanza.

Meseji zenu nimezisoma. "Nimetoa ka-Fielder, niweke PPF ama niwache?" Wengine hata gari hamna. Mko Form Four, lakini mshatazama video za Dubai mpaka mnajua bei ya roli moja. Ile ya jamaa amevaa glavu nyeusi, anapuliza maji, anavuta plastiki polepole na muziki wa kubembeleza uko nyuma. Ni tamu kutazama, sikatai. Binamu yangu aliitazama hadi akapiga simu Nairobi, akaambiwa gari nzima ni elfu 280. Na gari yenyewe bado anailipia kwa Sacco. Nikamwuliza, sasa kaka, unakopa ili ulinde deni?

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno "mpya". Hapa Kenya, gari mpya kwa wengi wetu ni gari iliyotumika Japani, na inaporuhusiwa kuingia haifai kuwa imezidi miaka 8. Imeendeshwa huko na mtu tusiyemjua, ikapigwa mnada, ikapanda meli, ikashuka Mombasa. Kama yadi iko Nairobi, mara nyingi dereva huipandisha kwa barabara, karibu kilomita 480. Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, halafu hapa kwetu. Mimi huziona zikipita zimefuatana tatu, nne, kama bata wanaenda mtoni, zimeng'ang'ana nyuma ya trela zikitafuta nafasi ya kuovateki. Kwa hivyo siku unaipata kwa yadi ikimetameta, hiyo boneti ishasalimiana na mawe ya Ukambani kabla yako. Ukiibandika plastiki unafunika makovu yaliyoko tayari.

Kama hunisadiki, mwambie muuzaji akuonyeshe ile karatasi ya mnada wa Japani. Ina mchoro wa gari na herufi herufi. A ni mkwaruzo, U ni mahali pamebonyea, G ni kioo kimegongwa na jiwe. Herufi ikifuatwa na namba, namba ikipanda ndio uharibifu umekuwa mkubwa. Muuzaji akianza kusema karatasi ilipotea baharini, jua mko na mazungumzo mengine kabla ya mambo ya plastiki.

Sasa, sitaki kumdanganya mtu. Kitu chenyewe kinafanya kazi. Ni poliyurethani, nene kama mikroni 150 hadi 200. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, ukichukua praima, rangi yenyewe na klia ya juu, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Kwa hivyo unaongeza koti lingine zito kuliko rangi nzima, na tena koti laini linalonepa jiwe likigonga badala ya kuvunjika. Wamarekani ndio walianza kuitumia, wakabandika mapanga ya helikopta zao wakati wa vita vya Vietnam ili mchanga usiyale. Hiyo si hadithi ya Instagram. Kokoto ndogo ikija na kasi ya kawaida, plastiki itaimeza.

Lakini angalia vile inauzwa. Unauziwa gari nzima! Milango, paa, hadi buti ya nyuma. Jiwe la barabarani linatoka mbele, linagonga bampa, ncha ya boneti, taa, kioo cha mbele, na mgongo wa vioo vya pembeni. Labda na ile sehemu ya chini nyuma ya tairi ya mbele, ambapo tairi yako mwenyewe inakurushia. Paa inalindwa kutoka kwa nani? Kunguru?

Halafu kuna wale wanaokuuzia seramiki na kukwambia "hii pia inazuia mawe." Hapo nakasirika kabisa. Seramiki ni mikroni chache tu. Inafanya maji yateleze, vumbi ling'oke rahisi, gari ing'ae. Ni sawa kwa kazi hiyo. Lakini anayekwambia seramiki itazuia kokoto ya trela anakuuzia maji kwa bei ya petroli.

Turudi kwa hofu yenyewe, kwa sababu wanaouza plastiki wanauza hofu, na hofu inaitwa kutu. Bampa yako ni ya plastiki. Plastiki haioti kutu, hata ichubuke mpaka ifanane na uso wa chui. Boneti ni bati, kweli, lakini mabati ya magari mengi ya siku hizi hupakwa zinki kiwandani, na chini ya rangi kuna praima. Jiwe likiondoa rangi na kuacha ile rangi ya kijivu chini, hujafika kwa chuma. Ukifika kwa chuma, unanunua kachupa ka rangi ka brashi, kama ka kucha, unapaka tone moja. Namba ya rangi iko kwa ile bati ndogo ya gari, kwenye Toyota tafuta palipoandikwa C/TR. Ile nyeupe ya lulu mnayoipenda nyote ni 070. Kazi ya dakika kumi, Jumapili, ukiwa na sendo.

Na tuko wapi? Tuko Makueni. Huku ni kukavu, mvua tunaiomba. Chuma kilichochubuka Sultan Hamud hakioti kutu kama kilichochubuka Nyali au Unguja, penye upepo wa chumvi kila siku. Mtu wa Pwani akiniambia anahofia kutu nitamwelewa. Wewe wa Kasikeu, unahofia kutu gani? Kuna Probox hapa za miaka mingi, boneti imepigwa mawe mpaka huwezi jua rangi ya kwanza ilikuwa gani, na bado inaenda Wote na kurudi na mtu ameketi juu ya gunia.

Sawa, mawe yenyewe yanatoka wapi? Hapa ndipo hizo video za Dubai hazifiki. Mengine ni ya kando ya lami. Ukingo umelika, lori ikishuka kidogo ama matatu ikipitia pembeni, tairi inaokota changarawe na kuirudisha barabarani, na wa nyuma anapokea. Mengine yanatoka kwa mzigo. Lori imebeba kokoto au mchanga, imejazwa mpaka mlima, haina turubai, na kila bonde la lami ni kijiko kimoja kinamwagika. Tulipata sheria ya kaunti ya kulinda mchanga wa mito yetu mwaka wa 2015, watu wamepigana na hata kufa kwa sababu ya mchanga huo, lakini ule ulio ndani ya lori unatuangukia kama hauna mwenyewe.

Hesabu ya dereva nayo ni rahisi. Nguvu ya jiwe inapanda kwa mraba wa kasi. Ukitoka 80 ukaenda 110, kasi haijaongezeka hata nusu, lakini kishindo kimekaribia mara mbili. Na ukiwa 100 kwa saa, unakula karibu mita 28 kila sekunde. Achana na trela kwa sekunde tatu, hiyo ni zaidi ya mita 80, na mawe mengi yatakuwa yameanguka chini kabla hujafika. Lori kubwa zimewekewa kikomo cha 80. Hautachelewa mazishi ukiwa nyuma yake mbali kidogo. Kinga hiyo ni ya bure na inafunika paa pia, kama bado unahofia kunguru.

Sasa nifike kwa kile kimenifanya niandike.

Jiwe halichagui boneti. Ile kokoto ambayo ingekuachia alama ndogo nyeupe kwa bampa, iko na urefu wa uso wa mtu wa boda. Kuna jamaa wa boda mtaani kwetu, ananizidi miaka miwili, amenibeba kwenda shule nikiwa na pesa na nikiwa sina. Mwaka jana alikuwa anarudi kutoka upande wa Emali, lori ya kokoto bila turubai ikampita. Moja tu. Ilimwingia jichoni. Helmeti alikuwa nayo, lakini kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika kitambo na alikuwa anangoja wiki nzuri ndio anunue kingine. Kioo hicho ni shilingi mia kadhaa. Jicho la kushoto sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Lori haikusimama, na sidhani dereva hata alijua.

Nilipokaa na binamu yangu akinionyesha bei ya elfu 280, hicho ndicho nilikuwa nawaza. Kwamba tumetengeneza ulimwengu ambapo boneti iko na mtaalamu, iko na dhamana ya miaka, iko na video ya polepole. Na mwaitu anayeuza machungwa hatua nne kutoka kwa lami hana hata ukuta. Watoto wa shule wanaotembea ukingoni asubuhi hawana. Jiwe ni lile lile. Sisi tumeamua tatizo ni rangi.

Najua mtakachoniambia. "Wewe unachanganya mambo, pesa ni yake." Ni yake, kweli. Tajiri ambaye ametoa gari ziro kilomita kwa duka, nyeusi ya metaliki, na anapanda Mombasa Road kila siku kwenda kazini, na hana deni, abandike mbele tu, yaani bampa, boneti, taa. Sitamcheka. Atabaki na rangi ya kiwandani, na kuna faida hapo, kwa sababu boneti ikipakwa rangi upya wanunuzi wa Kenya wanaanza kunusa ajali.

Lakini sasa ona, hoja hiyo hiyo inaniunga mkono. Vidoa vya mawe kwenye rangi ya kiwandani ni ushahidi kwamba gari haijapigwa. Mnunuzi wa mtumba anafungua boneti, anasikiza injini, anaangalia kama mapengo ya milango yako sawa, anauliza vitabu. Mimi sijawahi kuona mtu amekataa gari nzuri kwa sababu bampa iko na nukta nukta. "Resale" ni neno ambalo watu hutumia kuficha kwamba wanataka tu gari yao ing'ae kwa picha. Kutaka ing'ae si dhambi. Kutuambia ni uwekezaji ndiyo siwezi kumeza.

Ukiwa na hizo pesa na mkono unakuwasha, anza na tairi. Halafu kioo cha mbele, kwa sababu alama ya jiwe kwenye kioo si kama ya boneti. Jua la mchana la huku na baridi ya eya kondishona vinaweza kuivuta mpaka iwe ufa, na ufa mbele ya macho usiku ukikutana na taa za trela ni hatari ya kweli. Izibwe ikiwa bado ndogo. Soma bima yako pia. Komprehensivu nyingi zina kikomo chake cha kioo, kiulize kabla ya kuweka sahihi. Kama ni ya thadi pati, kioo kikivunjika ni wewe na mfuko wako.

Na wenye lori. Nyinyi hamsomi mambo yangu, lakini watoto wenu wanasoma, wawapelekee. Turubai si kitu cha kutafuta ulaya, liko kwa kila hadiwea kutoka hapa hadi Mlolongo. Mnafunika simiti isinyeshewe kwa sababu simiti ikilowa mnapata hasara. Kokoto hamfunuki na hasara, hasara inatufikia sisi.

Binamu yangu ameacha ile plastiki. Amechukua kachupa ka 070, tairi mbili za mbele, na helmeti yenye kioo kizima ambayo amempelekea yule jamaa, kwa sababu bado anaendesha boda na jicho moja, angefanya nini. Mimi nimechukua kibao cha kukalia. Kuanzia Jumamosi hii nitakuwa steji asubuhi, simu mkononi, na kila lori ya kokoto au mchanga itakayopita wazi nitaipiga picha na namba yake ya nyuma. Walio Emali, Salama na Kima, mkiwa na simu na saa moja ya bure, nitumieni zenu.