Lubumbashi: Kenya na Katuba zinajua kuishi pamoja, nani anachora mustari?

Kila mara kazi inapokosekana ao bei ya unga inapopanda, swali moja linarudi Lubumbashi: nani ni mwenyeji, na nani amekuja? Siku hizi swali hilo linaulizwa zaidi juu ya vijana wa pikipiki waliotoka Kasai. Lakini katika komine za Kenya, Katuba na Kamalondo, watu wa makabila mbalimbali wanachota maji kwenye robine moja tangu wakati wa Wabelgiji. Historia ya muji inaonyesha kwamba mustari kati yao haukuanzia kwenye palseli. Kila mara ulichorwa na wakubwa, na kila mara ulichorwa wakati mkate ulikuwa mdogo.

Palseli moja, kabila tano

Wasomaji wa Bukavu ao Bunia wasichanganye: Kenya inayosemwa hapa si nchi. Ni moja kati ya komine saba za Lubumbashi, ndogo na imejaa watu, na soko yake inajulikana muji mzima. Pembeni yake kuna Kamalondo na Katuba. Hizi ni fasi za watu wa kazi: mafundi, walimu, mama wa soko, wauzaji wa makala, wazee waliostaafu Gécamines ao kwenye reli.

Mara mingi palseli ina nyumba ya mwenyewe mbele na vyumba vya wapangaji nyuma. Mwenye palseli anaweza kuwa Mulubakat, mpangaji wa kwanza Mubemba, wa pili Musonge, wa tatu Muluba wa Kasai, wa nne familia iliyotoka Kivu. Choo ni kimoja, kamba ya kuanika nguo ni moja. Umeme ukikatika, unakatika kwa wote. Ugomvi haukosi: juu ya maji, juu ya kelele, juu ya nani hakulipa sehemu yake ya umeme. Lakini huo ni ugomvi wa majirani, na mara mingi unaishia mbele ya mwenye palseli ao shefu wa kartie.

Kinachowashikanisha watu hawa si hotuba za umoja. Cha kwanza ni deni. Mama anayeuza sombe anamkopesha yule anayemuona kila asubuhi, na hamuulizi kijiji cha babu yake. Cha pili ni likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu inaendelea. Likelemba inasimama tu kama kila mtu ana hakika kwamba mwenzake hatafukuzwa kesho. Cha tatu ni kilio. Mtu akifa, palseli inakuwa ya avenue nzima: viti vinakopwa, turubai linafungwa, michango inaandikwa katika kaye. Aliyetoa leo, kesho naye atasaidiwa.

Juu ya hayo yote kuna Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi si lugha ya kijiji chochote cha kusini mwa Katanga. Kilikua kazini, kambini na sokoni, kikachukua maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa. Ndiyo maana hapa ugali unaitwa bukari na mahali panaitwa fasi. Mtoto mwenye baba wa Kasai na mama Mubemba anaota kwa Kiswahili. Hata mpira haufuati kabila. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo zote zilizaliwa mwaka 1939, na mechi yao inaweza kugawanya nyumba moja pande mbili, baba huku, watoto kule.

Muji ulioitwa kuja

Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, ilianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka Rhodesia. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache wa kuichimba. Ikawatafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai na Lomami, hata Rwanda na Burundi. Kutoka mwaka 1928 ilianza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto. Mwaka huohuo reli ikaunganisha Katanga na Kasai mpaka Ilebo. Kwa maneno mengine, mingi kati ya familia zinazoitwa leo "za kuja" hazikujileta zenyewe. Ziliitwa.

Pia ni haki kusema upande wa pili. Ardhi iliyochimbwa ilikuwa na wenyewe: Balamba, Basanga, Babemba na wengine. Waliona watu wa mbali, ambao wengi walikuwa wamesoma kwa misioni, wanapata viti vya ukarani na vya umonitè. Waliona pia mali ya shaba inaenda Ulaya, baadaye Kinshasa, na barabara za vijijini zinabaki mashimo. Uchungu huo ni wa kweli, na haukwishi kwa kuambiwa tu "sisi wote ni ndugu".

Lakini wafanyakazi hawakuanza kwa kupigana wao kwa wao. Mwezi wa Desemba 1941, waligoma pamoja juu ya mshahara. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakafa makumi. Siku ile risasi hazikuchagua kabila.

Mara tatu mustari ulichorwa

Mara ya kwanza ilikuwa uchaguzi. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu Waafrika wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kuchagua waburgumestre wa komine zao. Huku Élisabethville washindi wengi walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga ya kusini. Mwaka uliofuata, 1958, ikazaliwa Conakat, chama kilichojiita cha Wakatanga wa asili, ambacho Moïse Tshombe alikuja kukiongoza. Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbia nyumba zao na kulala katika kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni ya muji. Kutoka kura mpaka kambi, haikupita miaka minne.

Mara ya pili ilikuwa vita ya vyeo. Novemba 1991 Nguza Karl-i-Bond aliwekwa waziri mkuu, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa Shaba. Agosti 1992 mkutano wa taifa ulimpa Étienne Tshisekedi kiti cha Nguza. Kwa mikutano ya siasa watu wa Kasai walikuwa wanaitwa "bilulu", yaani wadudu. Likasi ikawaka, na mwaka 1993 Kolwezi nayo. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walilala majuma na miezi kwenye vituo vya treni wakingojea mabehewa, na wengi walikufa pale na njiani.

Hapa kuna jambo la kujifunza. Lubumbashi nayo iliogopa, lakini haikumwaga watu wake sawa Likasi na Kolwezi. Sababu moja inaonekana katika namna ya kukaa. Katika miji ile miwili, kazi ya Gécamines na nyumba ya Gécamines vilienda pamoja. Kumfukuza jirani kulimaanisha kazi moja na nyumba moja vinabaki wazi, na wa kuvikamata alikuwa anajulikana. Katika Kenya ao Katuba, mtu aliishi kwa palseli yake mwenyewe ao kwa mpangaji wake, na chakula chake kilitoka sokoni. Mwenye palseli anayemfukuza mpangaji anapoteza kodi. Mama wa soko anayemfukuza mteja anapoteza deni lake. Chuki ilikuwa na bei, na ni mwenyewe wa mtaa aliyepaswa kuilipa.

Mara ya tatu haina tarehe moja. Inaendelea. Gécamines ilianguka, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa pesa kidogo na kuambiwa waende nyumbani, katika mpango uliolipwa na Benki ya Dunia. Kuanguka huko hakukuchagua kabila. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa hiyo hata Mulubakat aliyezaliwa Katuba anaweza kuulizwa leo kama yeye ni wa Haut-Katanga kweli, ao wa Haut-Lomami.

Pikipiki na treni

Kasai nako hakuna raha. Almasi za MIBA hazilishi tena Mbuji-Mayi, na vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 vilihamisha watu zaidi ya milioni moja. Vijana wanapanda treni ao lori, wanashuka Lubumbashi, wanatafuta pikipiki ya kukodi. Wenyeji wanawaita "manseba", neno la Kiluba cha Kasai linalomaanisha mjomba. Kwa wengine ni jina la utani, kwa wengine ni tusi. Tangu Félix Tshisekedi aingie uraisi Januari 2019, wako wanaosema ya kwamba vijana hawa wametumwa. Lakini kijana anayelala watu sita kwa chumba kimoja na kumpelekea patroni pesa ya pikipiki kila jioni anafanana zaidi na mtu aliyekimbia njaa.

Malalamiko juu yao si yote ya uongo. Ajali zipo, na kijana wa Katuba aliyemaliza chuo bila kazi anaona kila mgeni kama kiti kimoja kilichopungua. Mei 2022 Askofu mkuu wa Lubumbashi, Fulgence Muteba, aliwakusanya Wakatanga katika mkutano wa umoja na upatanisho, juu viongozi wa jimbo wenyewe walikuwa hawasikilizani. Hilo nalo linafundisha: mwenye kuchora mustari haishi mistari. Akimaliza Mukasai, anaanza Mulubakat na Mubemba, kaskazini na kusini.

Cha kuangalia sasa

Desemba 2023 wakaaji wa komine za miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani wa komine. Kwa sheria, madiwani ndio wanamchagua burgumestre. Ni kiti kilekile cha 1957, na hesabu ya makabila inaweza kurudi palepale. Si sababu ya kuogopa kura. Ni sababu ya kumuuliza kila mgombea kazi yake kabla ya kabila lake: maji yatafika lini, takataka za soko nani ataziondoa, kodi ya soko inaenda wapi, na pikipiki zitaandikwa namna gani ili ajali ijulikane ni ya nani.

Alama za hatari nazo zinajulikana. Mtu anapolinganisha watu na wadudu, ni alama. Mwenye nyumba anapoanza kuuliza kabila kabla ya garanti, ni alama. Kazi ya mgodi inapotolewa kwa barua ya chama cha kabila, ni alama kubwa zaidi, juu pale ndipo chuki inapata faida. Wakaaji wa Kalemie, Uvira na Bunia wanaweza kuzitambua hata kwao.

Na kuna dalili ndogo kuliko zote, ambayo haihitaji mtaalamu: siku likelemba ya avenue itakapoanza kukataa jina la mtu juu ya kijiji cha baba yake, shefu wa kartie asingoje moshi. Aite watu siku ileile.