Ilani ya "Mbwa Mkali" Haimwondolei Mtu Wajibu

Maneno yanayosomwa zaidi kwenye malango ya mitaa yetu huenda yakawa ni "Mbwa Mkali". Aghalabu watu huamini kwamba aliyekwisha kuyaandika amejivua lawama zote, na kwamba mgeni atakayeng'atwa baadaye amejitakia. Imani hiyo si sahihi, nayo huwafanya majeruhi wengi wanyamaze ilhali wana haki ya kudai fidia.

Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, imefuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1957. Inamtaka anayesimamia jengo au kiwanja, awe mmiliki au mpangaji, achukue hadhari ya kadiri ili mgeni aliyeruhusiwa kuingia awe salama katika shughuli iliyompeleka hapo. Inamtaka pia atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kuhusu ilani, sheria hiyo haina mzaha: onyo haliwi kinga kwa mwenye jengo ila likiwa lilitosha kumwezesha mgeni kuwa salama.

Hapa ndipo isimu inapokutana na sheria. Kuonya ni tendo la watu wawili. Halikamiliki mpaka mwonywaji aelewe. Ilani ya Kiingereza iliyotundikwa kwenye mjengo haimwonyi mama anayewapelekea vibarua githeri ikiwa hajui lugha hiyo. Hatari zaidi ni ile ilani nyingine isemayo kwamba mwenye mahali hatawajibika kwa madhara yoyote. Sheria inamruhusu kupunguza wajibu wake kwa mapatano au kwa njia nyingine. Lakini nauliza: ni mapatano gani hayo, ikiwa upande mmoja haukuambulia hata neno?

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawabebesha wenye majengo mzigo usio wao. La, hasha. Mgeni naye ana wajibu wa kujiangalia, na mahakama hupunguza fidia ya aliyechangia kuumia kwake. Ninalodai ni kwamba onyo litolewe kwa lugha ya anayeonywa.

Aliyeumia naye asilale. Atunze stakabadhi za matibabu, apige picha za mahali palipomdhuru, na achukue majina ya mashahidi. Asitie sahihi karatasi yoyote asiyoielewa, hata akiahidiwa pesa papo hapo. Akumbuke kwamba kesi ya majeraha kwa kawaida hufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha. Ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Sheria ya mwaka wa 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, nayo inataja fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Humo mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mwaka huo huo iliundwa pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa kwa lugha ngeni ni kama chakula kilichofungiwa kabatini. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi sheria inayomlinda mpangaji aliyeanguka kwenye ngazi mbovu isipatikane kwa lugha anayozungumzia na landilodi wake?

Walimu wenzangu, tunaweza kuanza bila kungoja Bunge. Wanafunzi wakusanye ilani za mitaani mwao, wazitafsiri, kisha wajadili ni nani anayeonywa na ni nani anayeachwa gizani. Wao ndio watakaokuwa mawakili, wenye majengo na wageni wa kesho. Nao wenye majengo wa leo wasitosheke na kuandika "Mbwa Mkali", wamfunge mbwa.