Si Kulilia Ujana

Wapo wanaodai kwamba sisi tunaoupenda mchezo wa Castlevania, uliotolewa na kampuni ya Konami huko Japani mwaka 1986, tunalilia ujana wetu tu. Nakataa! Mpwa wangu amezaliwa miaka 20 baadaye. Hana ujana wa kuulilia humo. Mbona usiku wa manane bado yumo ngomeni mwa Dracula?

Kinachomnasa ni haki. Shujaa wake, Simon Belmont, akisharuka hawezi kubadili mwelekeo hewani. Mjeledi wake nao huchelewa kidogo kabla ya kupiga. Ukikurupuka utakufa, na kosa ni lako. Michezo mingi ya leo humbembeleza mchezaji kama mtoto mchanga. Huu humheshimu: fikiri kwanza, ndipo uruke.